Mwenye Matbaa na Mpiga Kura: Alfred Hugenberg, Magazeti ya Ujerumani na Kuanguka kwa Jamhuri ya Weimar

Utangulizi

Wasomaji wa historia ya pwani yetu wanaujua Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Kwa mkataba ule Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, ikaacha madai yake juu ya Witu, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini. Watu wa Unguja hawakuulizwa. Jambo lisilojulikana sana kwetu ni kwamba mkataba huo uliamsha ghadhabu kubwa huko Ujerumani kwenyewe, na kwamba miongoni mwa waliochapisha magazetini wito wa kuupinga alikuwamo kijana wa miaka 25, jina lake Alfred Hugenberg. Kutokana na wito huo kilizaliwa mwaka 1891 chama kilichokuja kuitwa Umoja wa Wajerumani Wote, ambacho kwa miaka mingi kilidai nchi yao iongezewe makoloni. Hugenberg alijifunza mapema kwamba tangazo lililochapishwa kwa wakati wake laweza kuunda chama kabla chama hicho hakijawa na wanachama.

Mtu huyu ndiye tutakayemchunguza katika makala hii. Swali letu ni la kihistoria, ingawa mchungaji hawezi kulisoma bila kujiuliza habari zake mwenyewe. Yawezekanaje nchi yenye shule nyingi, vyuo vikuu maarufu, magazeti ya kila rangi na Kanisa kubwa la Kiinjili ipoteze demokrasia yake katika muda wa miaka 14 tu? Majibu ni mengi. Kushindwa vitani, masharti ya Versailles, kuporomoka kwa fedha mwaka 1923, na idadi ya watu wasio na kazi iliyopita milioni 6 mwanzoni mwa 1932, yote yana sehemu yake, nami siyapunguzi. Lakini ipo sehemu moja ambayo sisi tunaosoma historia ya Kanisa huipita haraka. Tumezoea kuanza na Barmen, Mei 1934, kana kwamba giza liliingia ghafula Januari 1933 pasipo mtu kulifungulia mlango.

Fedha za chuma na makaa

Kuanzia 1909 hadi 1918 Hugenberg alikuwa mwenyekiti wa wakurugenzi wa kampuni ya Krupp huko Essen, iliyotengeneza chuma na mizinga. Hakuwa tajiri wa kurithi. Alikuwa msomi wa uchumi mwenye shahada ya udaktari, mtumishi wa zamani wa serikali, aliyejua kuziongoza fedha za watu wengine, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Wenye migodi na viwanda vya Ruhr walimkabidhi fedha za kutetea maslahi yao katika siasa. Kwa matendo yake yaonekana alihesabu kwamba kumgharamia mgombea mmoja mmoja wa Bunge ni kazi ya hasara, maana mgombea hushindwa, au hushinda akabadilika. Gazeti halipigiwi kura.

Mwaka 1916, vita vikiendelea, alilitia mkononi shirika la uchapaji la August Scherl huko Berlin. Shirika hilo lilikuwa limeelemewa na madeni, na wahafidhina walihofu lisije likanunuliwa na Mosse au Ullstein, wachapaji wenye msimamo wa kiliberali waliotoka katika familia za Kiyahudi. Basi kununuliwa kwake kulipata baraka za wakubwa serikalini. Baada ya hapo vitu vilifuatana upesi: shirika la habari la Telegraphen-Union, lililoshindana na shirika kongwe la Wolff, shirika la matangazo ya biashara lililoitwa Ala, kampuni ya Vera, iliyotoa ushauri kwa magazeti yaliyodhoofika, kampuni ya Mutuum, iliyoyakopesha, na mwaka 1922 ofisi ya Wipro, ambayo kazi yake tutaieleza kwa kirefu.

Msomaji atazame mpangilio huo vizuri. Gazeti dogo lilikopa kwa Hugenberg, likashauriwa na Hugenberg, likapata matangazo ya biashara kupitia kwa Hugenberg, likanunua habari kwa Hugenberg. Hakuwa na haja ya kulimiliki. Juu ya mtandao wote waliketi wanaume 12 katika jumuiya iliyojipa jina refu la kukuza nguvu za kiroho za kujenga upya taifa. Ukilisikia jina hilo ungedhani ni jumuiya ya misaada, tena pengine ya Kanisa. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyewapigia kura watu hao 12.

Ukurasa uliokuja kwa reli

Ujerumani ya wakati huo ilikuwa na magazeti zaidi ya 3,000, na mengi yalikuwa madogo, ya mji mmoja au wilaya moja. Mwenye gazeti mara nyingi ndiye aliyekuwa mchapaji, mhariri na mpokeaji wa matangazo ya arusi na misiba. Mwaka 1923 fedha ya nchi iliharibika hata, mnamo Novemba, dola moja ya Marekani ilihitaji marki trilioni 4.2. Mwenye gazeti aliyepokea ada ya mwezi mwanzoni mwa mwezi hakuweza kununua karatasi ya juma moja. Wengi walifunga. Waliotaka kuishi walihitaji mambo mawili, mkopo na njia ya kupunguza gharama, na yote mawili yalipatikana Berlin.

Njia ya kupunguza gharama ilikuwa hii. Katika ofisi ya Wipro ukurasa mzima ulipangwa herufi zake, kisha ukakandamizwa juu ya kadi nene na laini hata umbo la kila herufi likabaki ndani yake. Kadi hizo, zilizoitwa matrisi, zilikuwa nyepesi. Zilifungwa katika vifurushi na kupelekwa kwa reli hadi Pomerania, Hessen, Prussia ya Mashariki. Huko mchapaji alimimina risasi iliyoyeyushwa juu ya kadi, akapata bamba tayari la kuchapia. Hakumlipa mpangaji herufi, wala mwandishi. Aliongeza juu jina la kale la gazeti lake, na chini habari za mahali: ng'ombe aliyepotea, mkutano wa kwaya, mazishi ya mzee fulani. Msomaji alilipokea gazeti la baba yake na babu yake, lenye jina lilelile. Mhariri alikuwa mtu aliyesalimiana naye sokoni. Lakini maelezo ya mambo ya Bunge, ya deni la vita na ya sababu za umaskini wake yalikuwa yameandikwa na mtu asiyemjua, kwa ajili ya mamia ya magazeti kwa pamoja.

Nasema tena kwamba si kila habari ilikuwa ya uongo. Bei ya shayiri iliandikwa sawasawa, na hotuba za Bunge pengine zilinukuliwa vema. Nguvu haikuwa katika uongo peke yake, ilikuwa katika uteuzi. Waziri wa Jamhuri aliyekosea aliandikwa siku tatu mfululizo. Aliyefanikiwa alipata mistari minne. Dai la kwamba jeshi halikushindwa vitani bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa, ambalo Hindenburg mwenyewe alilitetea mbele ya kamati ya Bunge Novemba 1919, halikuandikwa kama dai. Lilikuwa msingi usiohitaji ushahidi, na juu yake chuki dhidi ya Wayahudi ilijengwa kwa urahisi. Msomaji wa gazeti la namna hiyo hajioni kuwa amefundishwa siasa. Ajiona ana maarifa ya kawaida, yale ambayo kila mtu mwenye akili anayajua.

Sisi tuliokulia mahali ambapo gazeti lilifika likiwa limefungia sukari, tukalisoma hata hivyo neno kwa neno, twaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wa mijini. Mahali penye karatasi moja, karatasi hiyo huwa na mamlaka kubwa.

Mjini Berlin hali ilikuwa tofauti. Huko magazeti ya Mosse na Ullstein yalisomwa na watu wengi kuliko ya Scherl, na ya Wasoshalisti na ya Wakomunisti yaliuzwa barabarani. Mtu aliyetazama meza ya mwuza magazeti katikati ya mji angeshuhudia kwa dhati kwamba Jamhuri ina uhuru kamili wa mawazo. Ushuhuda wake ungekuwa wa kweli kwa meza ile. Ila kura za mashambani huhesabiwa sawasawa na za mjini, na huko hapakuwa na meza ya namna hiyo.

Mezani pa mchungaji

Miongoni mwa wasomaji wa magazeti ya mikoani walikuwamo wachungaji wa Kiinjili. Hadi Novemba 1918 mfalme au mtawala wa kila nchi ya Kijerumani yenye Kanisa la Kiinjili ndiye aliyekuwa askofu mkuu wa Kanisa hilo kwa sheria. Wafalme walipoondoka, wachungaji wengi waliona kwamba nyumba ya Kanisa imevuliwa paa. Katiba ya Weimar ya 1919 ilitamka kwamba hakuna Kanisa la dola, ingawa ililiachia Kanisa kodi yake na heshima yake kisheria. Kwa haki, Jamhuri haikulitendea Kanisa vibaya. Lakini majonzi hayasikilizi hoja, na chama kilichoyabeba majonzi hayo bungeni kilikuwa DNVP, chama cha wazalendo wahafidhina, ambacho Hugenberg mwenyewe alikuwa mbunge wake. Wachungaji wengi walikipigia kura, na wengine walikuwa wanachama. Otto Dibelius, aliyekuja kuwa askofu wa Berlin, alikuwa mwanachama wa DNVP.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wetu wa theolojia wafaa kulipima kwa makini. Mara nyingi lawama hutupiwa mafundisho ya Luther juu ya tawala mbili, au jinsi Warumi 13 ilivyosomwa. Mimi naona lawama hiyo haitoshi. Mafundisho yaleyale yangeweza kumfanya mchungaji aihubiri Jamhuri kuwa mamlaka halali iliyostahili utii na maombi, maana ilikuwa na katiba, mahakama na Bunge lililochaguliwa. Kilichoamua ni habari alizokuwa nazo mchungaji siku ya Jumamosi alipokaa kuandika mahubiri. Ikiwa kwa miaka 10 amesoma kwamba wanaotawala ni wezi na wasaliti, atasoma Warumi 13 na kuuliza kama hao ni mamlaka kweli. Atadhani ameongozwa na Maandiko, kumbe nusu ya hoja ilifika kwa reli kutoka Berlin. Mapendo kwa taifa, ambayo si dhambi, yalikuwa yamepewa maneno na mtu mwenye hesabu zake.

Mavuno ya mtu mwingine

Mwaka 1927 kampuni ya filamu ya Ufa, iliyokuwa imejitia katika madeni makubwa, pamoja na gharama za filamu ya Metropolis, iliokolewa kwa fedha za Hugenberg, na kwa njia hiyo akapata pia filamu za habari zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema kote nchini. Tarehe 20 Oktoba 1928 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa DNVP. Sasa mtu mmoja alikuwa na magazeti, shirika la habari, matangazo, sinema na chama. Kwa hesabu ya kawaida alipaswa kushinda.

Hakushinda. Katika uchaguzi wa Desemba 1924 DNVP ilikuwa imepata asilimia 20.5 ya kura. Mei 1928 ilipata 14.2. Septemba 1930, baada ya miaka miwili ya uongozi wake, ilipata 7.0. Hugenberg alikuwa mzee mfupi, mwenye masharubu, asiye na kipawa cha kusema mbele ya watu, na wengi wa wahafidhina wastaarabu walikihama chama kwa sababu ya ukali wake. Mwenye kudai kwamba magazeti humfanya mtu yeyote kuwa mtawala na azitazame tarakimu hizo. Chombo cha habari hakiwezi kuwafanya watu wampende mtu wasiyempenda.

Chaweza, hata hivyo, kuwafundisha kudharau. Mwaka 1929 mataifa yalipanga upya deni la vita la Ujerumani kwa utaratibu ulioitwa Mpango wa Young, ambao ulipunguza malipo lakini ukayaendeleza hadi 1988. Hugenberg aliunda kamati ya kuupinga, na ndani ya kamati akamwalika Adolf Hitler, ambaye chama chake mwaka uliotangulia kilikuwa kimepata asilimia 2.6 tu. Walipendekeza sheria ambayo, pamoja na mengine, ingewatia gerezani kama wasaliti mawaziri watakaotia sahihi mpango huo. Sahihi za wananchi zilizohitajika zilikuwa asilimia 10, zilipatikana 10.02. Katika kura ya Desemba 22 walisema ndiyo watu milioni 5.8, ilhali zilihitajika zaidi ya milioni 21. Kampeni ilishindwa kabisa.

Lakini kwa miezi kadhaa mfululizo watu wa heshima wa mikoani, ambao hawangegusa gazeti la Wanazi, walikuwa wamelisoma jina la Hitler katika gazeti lao la nyumbani, likiwa pamoja na majina ya wakurugenzi na wabunge. Wanahistoria hawakubaliani juu ya kiasi cha faida aliyoipata. Wengine hukumbusha kwamba Wanazi walikuwa na wahubiri wao vijijini na chuki zao wenyewe za kutosha. Naafikiana nao kwa sehemu. Hata hivyo, kura za Septemba 1930 zilikipa chama cha Hitler asilimia 18.3 na viti 107, na nguvu yake kubwa ilikuwa katika wilaya za Kiinjili za mashambani, zile ambako DNVP ilikuwa imevuna zamani. Hugenberg alilima shamba kwa miaka 14. Wenye shamba walipochoka kungoja, walimwita mvunaji mwenye sauti kubwa zaidi.

Januari hadi Juni 1933

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler alipewa ukansela katika serikali ya muungano. Hugenberg alipokea wizara mbili, ya uchumi na ya kilimo, akiamini pamoja na wenzake kwamba wao wenye fedha na uzoefu watamshika Hitler hatamu.

Redio haikuwa mali ya Hugenberg. Ilikuwa chini ya dola, na serikali ya Papen mwaka 1932 ilikuwa imeikaza zaidi mikononi mwa dola, ili isaidie utawala wa kihafidhina. Hivyo Wanazi hawakuhitaji kuiteka. Waliikuta tayari, na usiku uleule maandamano yao ya mienge yalitangazwa nchini. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Februari, mwalimu kijana wa theolojia, Dietrich Bonhoeffer, alizungumza katika redio ya Berlin juu ya kiongozi na vijana. Alionya kwamba kiongozi akikubali kufanywa sanamu na wale anaowaongoza hugeuka kuwa mpotoshaji wao. Kipaza sauti kilikatwa kabla hajamaliza. Haijulikani kwa hakika kama kilikatwa kwa amri au kwa sababu muda ulikwisha, na kwa kweli si lazima tujue. Yeye aliinakili hotuba yake na kuisambaza kwa rafiki zake, asije akadhaniwa kuwa amemsifu Hitler kwa sababu mwisho haukusikika.

Tarehe 28 Februari amri ya dharura iliondoa uhuru wa magazeti. Tarehe 21 Machi, siku ya kufunguliwa Bunge huko Potsdam, Dibelius alihubiri katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai kutoka Warumi 8:31, somo lilelile lililohubiriwa mbele ya Bunge vita vilipoanza mwaka 1914. Katika mahubiri hayo alitia pia maneno ya onyo. Lakini mwanzoni mwa Aprili alizungumza redioni kwa wasikilizaji wa Marekani, akawahakikishia kwamba habari za ukatili dhidi ya Wayahudi zilikuwa zimetiwa chumvi. Hakuwa mtu mwovu. Baadaye alisimama upande wa Kanisa la Ukiri na akafunguliwa mashtaka. Alisema alichokijua, na alichokijua kilikuwa kimechujwa.

Mwezi Juni Hugenberg alikwenda London katika mkutano wa uchumi wa mataifa, na tarehe 16 akatoa waraka uliodai Ujerumani irudishiwe makoloni katika Afrika, tena ipewe ardhi ya makazi upande wa mashariki. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya usimamizi wa Uingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Miaka 43 baada ya wito wake juu ya Unguja, mtu yuleyule alikuwa akiidai nchi yetu katika karatasi iliyochapwa vizuri, na mara hii tena hakuna aliyetuuliza. Waraka ule uliiaibisha serikali yake, na Hitler akapata sababu ya kumwacha. Kabla mwezi haujaisha, chama chake kilijivunja na yeye akajiuzulu.

Yaliyofuata yanaeleweka. Sheria ya wahariri ya tarehe 4 Oktoba 1933 ilimfanya mhariri awajibike kwa dola na si kwa mwenye gazeti, ikawatoa Wayahudi katika kazi hiyo. Telegraphen-Union iliunganishwa na shirika la Wolff kuwa shirika moja la serikali. Ufa ilichukuliwa na dola mwaka 1937, na Scherl ikaingia mikononi mwa wachapaji wa chama cha Kinazi mwaka 1944. Hugenberg alilipwa fidia, akabaki na kiti katika Bunge lisilo na kazi hadi 1945. Magazeti ya Kanisa nayo, mengi ambayo yalikuwa yamejizuia kwa uangalifu yasiguse siasa, yalifungwa karibu yote mwaka 1941 kwa kisingizio cha uhaba wa karatasi.

Mnamo Oktoba 1945 viongozi wa Kanisa la Kiinjili walikutana Stuttgart, wakakiri kwamba hawakuungama kwa ujasiri, hawakuomba kwa uaminifu, hawakuamini kwa furaha wala kupenda kwa bidii jinsi ilivyowapasa. Dibelius alikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Ungamo lile halitaji magazeti. Lakini katika miaka iliyofuata, redio za Ujerumani Magharibi zilipoundwa upya, hazikupewa serikali wala tajiri. Sheria ya Bavaria ya 1948, kwa mfano, iliiweka redio chini ya baraza ambamo waliketi wajumbe wa makanisa pamoja na wa wafanyakazi, wakulima, vyuo na Bunge. Wachungaji waliokaa katika mabaraza ya namna hiyo walianza kupokea, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwao, hesabu za fedha za chombo cha habari, na kuzisoma. Hugenberg alikuwa hai bado. Mahakama za wakati ule hazikumweka miongoni mwa wakosaji wakuu. Alibaki na mali yake, na akafariki tarehe 12 Machi 1951.